Pazia la Saa Saba

Mzee Pasi alikuwa ameshavuka mtaa wa pili, na hakuwa amemuaga mtu.

Kule kwa dobi anakofanya kazi alisema anakwenda kununua wanga. Mtu anayekwenda kununua wanga habebi mkoba wenye mashati mawili, ndara za kuogea, kadi ya zahanati na kibakuli cha chakula, lakini asubuhi ile hakuna aliyemwangalia mikono. Ngongoti alikuwa juu ya kigoda akianika mashuka, Bimkubwa, mwenye kazi, alikuwa akibishana na mteja juu ya doa la wino, na Mama Vifungo alikuwa na sindano mdomoni. Mtu mwenye sindano mdomoni haulizi swali.

Alitembea kwa kisigino. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefungwa bandeji, na kiatu kimekatwa mbele ili kidole kipumue. Kila baada ya hatua kumi na kitu alisimama akajifanya anatazama dirisha la duka. Alitazama masufuria, alitazama simu, alitazama hata magauni ya bibi harusi, mpaka mwenye duka akatoka mlangoni.

"Karibu, baba. Unaoa?"

"Nahama," alijibu Mzee Pasi, akaendelea na safari.

Kuhama si jambo geni kwake. Miguu yake ilikuwa na tabia ya kuondoka kabla ya kichwa. Amepiga pasi katika miji saba: hotelini, hospitalini, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara ambako mashati hayaishi vumbi. Palipotokea kero alikunja mashati mawili akaenda zake. Marehemu mkewe alikuwa akiwaambia majirani, "Mwenzenu nimeolewa na magurudumu." Kwa Bimkubwa peke yake ndiko alikokaa, na amekaa miaka kumi na mmoja. Lililomkalisha ndilo hilohilo lililomfukuza leo.

Lilikuwa pazia.

Ile nyumba ya dobi ina vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kina meza ndefu ya kupigia pasi. Cha nyuma ni kistoo chenye bomba la maji, na mlangoni pake limening'inia pazia la kijani. Wafanyakazi ni sita pamoja na Bimkubwa mwenyewe. Saa saba ikifika, pasi zinazimwa, na kila mmoja anachukua kibakuli chake cha chakula alichotoka nacho nyumbani, kimefunikwa, anapita nyuma ya pazia peke yake. Huko ndani kuna sinia kubwa. Unamimina ulichonacho, unaosha kibakuli bombani, unatoka nacho kinachuruzika maji. Anaingia mwingine. Wa mwisho akitoka, Bimkubwa analeta sinia mezani, na mikono sita inaingia.

Basi, aliyekuja na wali wa kujaa na aliyekuja na upepo, wote wanatoka na kibakuli kilicholowa. Hakuna ajuaye. Na ole wake anayeuliza. Bimkubwa aliiweka sheria hiyo siku alipofungua kazi, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa kijakazi wa kufua alizoea kujibanza chooni saa ya chakula, wenzake wasione kwamba hana.

Mzee Pasi alipofika pale mara ya kwanza, alikuja na upepo. Miezi mitatu mfululizo aliingia nyuma ya lile pazia, akafungua bomba, akaosha kibakuli kisafi, akatoka. Akala akashiba. Hakuna aliyemtupia jicho, hakuna aliyemtania. Siku alipoanza kuwa na kitu cha kumimina aliapa moyoni kwamba yeye hatapunguza hata kijiko. Mtu aliyefichwa uchi wake na pazia halikati pazia akishapata suruali.

Sasa njoo kwenye kidole.

Kilianza na msumari mdogo, akaupuuza. Kidonda kikakataa kufunga. Bintiye anayekaa naye akamkokota mpaka zahanati, wakapima, sukari ikawa juu ya paa. Muuguzi, mama mfupi asiyecheka, akampa dawa na orodha: mboga za majani, kunde, samaki wa kuchemsha, kiazi kitamu nusu, basi. Wali kidogo. Vya kukaanga aviage. Soda asiitazame.

Binti ni karani wa bohari, anaingia kazini mapema. Tangu siku ile akawa anaamka saa kumi alfajiri ampikie baba yake chakula cha mchana. Alinunua daftari, kila siku akaandika alichopika na kiasi gani. Chumvi akaipunguza nyumba nzima. Sukari akaitoa kabisa kabatini asije baba akatamani, hata mumewe akawa anakunywa chai bila sukari huku amekunja uso kama anayemeza dawa ya minyoo. Miezi minne. Na sukari ya mzee haikushuka.

Jana walikuwa zahanati. Muuguzi alipitisha kidole kwenye lile daftari, ukurasa kwa ukurasa.

"Chakula hiki ni sahihi kabisa," alisema. Akainua macho. "Mzee, unakila?"

"Nakila."

"Chote?"

"Kinaisha."

Hakudanganya. Kilikuwa kinaisha kila siku, tena upesi.

Muuguzi aligeuza kidole huku na huku chini ya taa. "Nakupa wiki mbili. Isiposhuka, hiki tunakitoa. Na kidole hakiondoki peke yake, mzee wangu. Kina tabia ya kuita wenzake. Kazi yako ni ya kusimama, siyo?"

"Kusimama tangu asubuhi."

"Basi ujue unachokichezea."

Jioni mzee alimkuta binti jikoni amesimama mbele ya sufuria tupu, analia bila sauti, daftari limefunguka pembeni. "Labda ni kunde, Baba," alisema. "Labda kiazi nakata kikubwa. Kuna mahali nakosea, ila sipaoni."

Hapo ndipo miguu ilipoanza kuwasha.

Angeweza kusema. Lakini alijiuliza, akisema ataambiwa nini? Ataambiwa atoe kibakuli chake, akae nacho pembeni ale peke yake. Na kibakuli kimoja kikitoka nyuma ya pazia, cha pili kitafuata. Ngongoti hapendi maharage. Kesho atasema na yeye ana ugonjwa wa maharage. Wale wafuaji wawili, mtu na dada yake, waliopewa jina la Mapacha ingawa hawafanani hata kwa kivuli, wataanza kula vyao. Wiki haitakwisha kila mtu atakuwa ameinamia bakuli lake kama kuku wa kizuizini. Na yule mwenye kibakuli cha upepo atajibanza wapi?

Maana yupo. Mpiga pasi ana jicho la kupima. Akitazama shuka anajua lina mikunjo mingapi. Tangu mwezi wa pili Mzee Pasi aliona sinia limeshuka. Vinaingia vibakuli sita, chakula ni cha watano. Hakujua ni nani na hakutaka kujua.

Kwa hiyo akachagua njia anayoijua. Mji wa mbali kulikuwa na binamu yake, ana duka la vifaa vya ujenzi, aliwahi kumwambia njoo ukae mlangoni unitazamie wanaoingia. Huko atakula peke yake, hakuna atakayeona ajabu. Pazia litabaki, binti atapumzika, na kidole kitajua chenyewe. Hayo ndiyo mahesabu aliyoyapiga usiku kucha, na kila alipoyarudia yalikataa kutulia.

Kituo cha mabasi alikifikia saa sita kasoro. Basi lake ni la saa saba. Akapata benchi, akanyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha tena. Alisimama kuuliza kama basi limefika. Lilikuwa mbele yake. Akakaa. Jirani yake pale benchini alikuwa abiria mmoja mnene, anabangua karanga na kutupa maganda chini ya viatu vya watu.

Njaa ikamkumbusha kibakuli. Akakifungua magotini.

"Karibu," alimwambia yule mnene, kwa mazoea.

"Asante, baba. Nimeshiba hapa nilipo hata kuinama siwezi."

Mzee Pasi akatazama huku na huku, mkono umeshika kibakuli kama mtu anayetafuta pa kumwagia. Hapakuwa na sinia. Ikabidi ale.

Palikuwa na kipande cha samaki wa kuchemsha kwa tangawizi, na juu yake limau mahali pa chumvi. Palikuwa na kunde zilizoiva bila kupondeka. Mchicha ulikuwa umetiwa karanga za kutwangwa, kidogo tu, kwa harufu. Kiazi kitamu nusu. Vipande vitatu vya tango vimepangwa pembeni kama vifungo vya koti. Akatia tonge la kwanza akasita. Akatia la pili.

Kilikuwa kitamu. Kitamu cha kumfanya mtu akae vizuri. Na ndipo alipotambua jambo la aibu: miezi minne binti yake anaamka gizani, na yeye hakuwahi kuonja. Nyuma ya pazia alimimina bila kutazama. Mezani alikuwa mkubwa kwa umri, na mkubwa haparamii samaki. Huacha kizuri kwa wenzake, hula kilicho mbele yake. Na mbele yake siku zote palikuwa wali na viazi vya kukaanga. Mkono wa Ngongoti ndio uliotangulia kwa samaki. "Jamani, siulizi nani anatuletea huyu," huwa anasema, anajilamba vidole. "Hiyo mikono ibarikiwe, na aliyezaa mikono hiyo abarikiwe!" Watu wanacheka. Aliyezaa mikono hiyo naye anacheka, anatafuna kiazi cha mafuta.

Amekuwa akigawa dawa yake kwa watu wazima wenye vidole kumi kumi vya miguu, anajiita mkarimu. Tena si yake. Kilikuwa usingizi wa mwanawe, yeye kakigeuza sadaka yake. Na sasa anapanda basi, anamwacha huko jikoni anatafuta kosa kwenye mwiko.

Alikula mpaka chini. Akafunika.

"Wa saa saba! Wa saa saba!" mpiga debe alikuwa ameshafika. "Baba, panda, tunaondoka!"

"Ondokeni."

"Si una tiketi mkononi?"

Mzee Pasi akaitazama tiketi, akampa yule mnene wa karanga. "Kama una mtu wa kumtembelea huko," alimwambia, "salimia." Akashika mkoba, akaanza kuchechemea kurudi alikotoka. Yule mnene alibaki ameduwaa, tiketi mkono mmoja, karanga mwingine.

Alifika saa saba na nusu, shati limemganda mgongoni. Wote walikuwa mezani na sinia limefunikwa. Walikuwa wanamngoja.

"Ahaa!" alisema Ngongoti. "Wanga umeufuata kiwandani? Au umeulima kwanza?"

"Mzee, tumbo langu linaongea lugha tatu," alisema mmoja wa Mapacha. "Mimina tule."

"Pita pazia, mzee," alisema Bimkubwa, hakuinua macho. "Vibakuli vitano vimeshapita."

Mzee Pasi alisimama na kibakuli chake kikavu mkononi. "Sipiti," alisema. "Nimeshakula. Nimekula peke yangu, kituo cha mabasi."

Hapo kila mtu akamtazama mikono. Wakaona mkoba.

Akawaambia yote. Aliyasema kwa kukatakata, amesimama, mguu mmoja unapumzishwa juu ya mwingine: sukari, kidole, wiki mbili, samaki, daftari, basi. Alipomaliza, Ngongoti alikuwa wa kwanza kusema.

"Ngoja. Yule samaki ni wako? Wa dawa?" Akajishika kifua. "Yaani mimi miezi minne natafuna mguu wa mtu?"

"Nyamaza wewe," Bimkubwa alisema. Kisha akamgeukia mzee, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko ya kumfokea mteja. "Miaka kumi na mmoja. Unatuona sisi watu wa namna gani? Wa kukuua kwa tonge?"

"Nawaona watu wa pazia, Bimkubwa. Ndiyo maana sikusema. Nikitoa changu, kesho huyu atatoa chake."

"Mimi?" Ngongoti alisema. Akafikiri. "Kwa kweli ningetoa. Kuna mtu hapa maharage yake yana mawe."

"Mawe yako kichwani mwako!" Pacha wa kike alimrukia. "Unakula kuliko wote halafu unachagua!"

"Ile sheria ni ya wote au si ya mtu yeyote," alisema Bimkubwa, anagonga meza kwa kiganja. "Basi sote tule chakula chake. Kuanzia kesho, mboga, kunde, kuchemsha!"

"Tule majani kama mbuzi kwa kidole cha mtu mwingine?" alisema Pacha wa kiume. "Mimi nafua mablanketi, Bimkubwa. Blanketi lililolowa halinyanyuliwi kwa mchicha."

Wakawaka wote kwa pamoja. Wengine walisema mzee atengewe sahani, lakini akitengewa ndani ya sinia lililochanganywa atatengewa nini? Wengine wakasema amimine wa mwisho kwenye kona yake. Bimkubwa akasema akimimina kwenye kona yake basi na wengine watataka kona, na sinia lenye kona sita si sinia tena, ni soko. Chakula kilikuwa kinapoa. Mzee Pasi alikuwa ameshaushika mkoba tena bila kujijua, uzito wote ameuelekeza mlangoni.

Ndipo Mama Vifungo akainuka. Alikwenda mpaka kwenye rafu vinapokaushwa vibakuli, akachukua cha bluu chenye ufa kwenye mfuniko, akakileta akakiweka katikati ya meza, kando ya sinia.

"Hiki," alisema, "tangu mwezi wa pili hakijaona hata punje. Naingia, nafungua bomba, natoka. Nilichonacho asubuhi nawaachia wanangu watatu."

Ngongoti akaondoa viwiko vyake mezani.

"Pazia lilikuwa linanificha mimi," Mama Vifungo aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja rangi ya uzi. "Sasa mzee wa watu akatwe mguu ili mimi nisionekane? Haiwezekani. Haya, nimeonekana. Hakuna tena wa kufichwa. Mzee, kesho njoo na kibakuli chako, kaa nacho hapo, ule mpaka chini. Na asiyekupa nafasi atanijua mimi."

Akakaa. Akavuta suruali aliyokuwa akiishona tangu asubuhi, akaanza kushona kifungo ambacho kilikuwa kimeshashonwa.

Mzee Pasi alitaka kusema asante. Asante ya jambo lile ingekuwa ya namna gani? Yeye alitoa samaki miezi minne, na siku zote alikuwa na kingine cha kumimina kesho yake. Huyu mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfunika, akakivua mbele ya watu watano. Akaushusha mkoba chini ya meza.

Bimkubwa alifunua sinia. Akachukua sahani, akaanza kumpakulia Mama Vifungo kabla ya wote, wali mwingi, nyama juu.

"Usinipakulie kama mgonjwa," alisema Mama Vifungo bila kuacha kushona. "Mgonjwa ni yule pale." Kisha akaweka sindano, akanawa, akapeleka mkono kwenye sinia kama siku zote. Wengine nao wakapeleka. Walikula hakuna anayemtazama mwenzake, na Ngongoti, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikula kilicho mbele yake.

Jioni Mzee Pasi alimwambia binti yake. Alisimulia amekaa kwenye kigoda cha jikoni, mguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Binti alisikiliza amempa mgongo.

"Miezi minne, Baba," alisema alipomaliza. "Nimeamka saa kumi nimpikie Ngongoti?"

"Anasema mikono yako ibarikiwe."

"Mwambie aje nimpe mwiko wa kichwa." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa ya jana. "Na wewe ulikuwa unapanda basi."

"Nilikuwa napanda."

"Na ungeniandikia lini?"

Mzee Pasi akautoa mguu kwenye beseni, akaukausha. Sebuleni mkwe wake alikohoa kidogo. "Samahani kuingilia," alisema. "Kwa hiyo sukari inaweza kurudi kwenye chai?"

Sukari ya Mzee Pasi ilishuka, lakini ilichelewa kidole. Kilikatwa wiki ya tano, kimoja peke yake. Vilivyobaki vipo mpaka leo. Sasa anapiga pasi amekaa kwenye kiti kirefu alichotengenezewa na fundi wa jirani, na mashati ya mikono mirefu yanamchukua muda zaidi. Anakula kutoka kwenye kibakuli chake, mezani, pamoja na wengine. Miguu bado inamwasha kila majira yakibadilika, na mara mbili ameonekana kituo cha mabasi, ila bila mkoba.

Sinia halikudumu. Lilikwenda miezi miwili na vibakuli vitano, halafu vinne, mwisho Mapacha wakaacha nao. Pazia lipo, wateja wanajaribia nguo nyuma yake. Bimkubwa huchemsha sufuria moja la kunde kila asubuhi, analiacha wazi juu ya jiko, anayetaka anachota. Siku nyingine linabaki nusu.

Mama Vifungo alikaa wiki saba. Hakuna aliyemsema vibaya. Ilikuwa kinyume chake, kila mtu alimwongezea chakula, na hilo ndilo lililomchosha. Sasa anashona sare za shule nyumbani kwake, ana kazi ya kutosha. Binti wa Mzee Pasi humpelekea samaki siku za mapumziko, na yeye hurudisha kibakuli na kitu ndani, hata kama ni limau moja.

Ngongoti alipimwa, akakutwa na presha. Anasema mashine ilikuwa mbovu. Pacha wa kiume anafua mablanketi hotelini, Pacha wa kike ameolewa na fundi aliyetengeneza kile kiti. Yule abiria wa karanga hakuna anayejua kama alipanda.